Kwangua ncha ya waya kabla hujalipa

Ndugu zangu mnaojenga Kigoma, kabla hujatoa hela ya roli ya waya, mwombe muuzaji kisu. Menya ncha kidogo, kisha kwangua uzi mmoja wa ndani. Shaba halisi ni nyekundu mpaka kiini. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyovikwa shaba. Irudishe kaunta. Hata mkononi utaijua, roli yake ni nyepesi mno.

Alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba ya unene uleule, kwa hiyo waya huo huwahi kupata moto, na kwenye skrubu za soketi hulegea taratibu.

Juzi nimefungua soketi ya mama mmoja pale Ujiji. Plastiki ya waya ilikuwa imegeuka kahawia, ukiigusa inavunjika kama ganda la karanga. Waya wa unene wa 1.5, ule wa taa, tena wa alumini, umebebeshwa birika la wati 2000 pamoja na pasi. Watoto wanalala chumba hichohicho! Niliumia sana.

Mpangilio wa kawaida ni 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 6 kwa jiko la umeme. Hizo ni milimita za mraba, za shaba. Plastiki ya kawaida ya PVC huvumilia nyuzi joto 70 tu, na nyaya zetu nyingi zinalala darini, chini ya bati linalopigwa jua kutwa. Mwambie fundi azipitishe mbali na bati.