Modemu ya USB kwenye Linux: imekufa, au imevaa sura ya sidii?

Msimu wa minada ya korosho ukiwa umepamba moto, karani wa chama kimoja cha msingi huko Newala aliniteremshia laptop hapa Mtwara mjini. "Fundi, modemu imekufa," akasema. "Nikiichomeka inaleta sidii tu."

Haikuwa imekufa. Windows yake ilijaa virusi, mpwa wake akamwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyemwambia kwamba modemu hizi zina sura mbili. Ukiichomeka, kwanza hujitambulisha kama sidii iliyobeba programu ya Windows. Hadi iamriwe, ndipo hugeuka modemu. Kwenye Windows amri hiyo hutolewa kimyakimya. Kwenye Linux ina programu yake, na isipokuwepo utaitazama sidii hiyo mpaka ghala liishe korosho.

Hapa natumia modemu ya Huawei ya 3G, zile ndogo ambazo bado zimejaa kwenye droo za watu, pamoja na Ubuntu au Debian, ambayo ni matoleo ya Linux. Kama laptop yako ni kongwe na ina tundu la waya wa simu ya mezani ubavuni, hiyo ni modemu ya aina nyingine, ya programu: kazi nzito ya kugeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data hufanywa na prosesa ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo bila draiva yake maalumu ni tundu tu. Hata ukiipata draiva, kasi haivuki kilobiti 56 kwa sekunde. Mimi siku hizi sihangaiki nayo.

Hatua ya 1: Itazame kwanza

Chomeka modemu kwenye laptop moja kwa moja. Usipitie kwenye hub (kigawanyio cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake: tundu la USB 2 hutoa miliampia 500, na modemu inapotafuta mnara huweza kuzitaka karibu zote. Ikipunjwa hujizima na kujiwasha, nawe utalaumu Linux bure. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika:

`lsusb`

Tafuta mstari wenye 12d1, ambayo ni namba ya Huawei. Wa karani ulisomeka 12d1:1446. Tarakimu nne za mwisho ndizo zinazotaja sura: 1446 bado ni sidii. Ukikuta 1001 au 1436, imeshageuka. Weka programu za mstari wa kwanza wa hatua ya 2, kisha nenda hatua ya 3.

Baadhi ya modemu za 4G hazihitaji kupigishwa na kompyuta ili ziunganike. Hujitokeza kama kadi ya mtandao, unafungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari, kazi imekwisha. Kama yako ni hiyo, huhitaji kuendelea kusoma.

Hatua ya 2: Igeuze

`sudo apt install usb-modeswitch modemmanager network-manager picocom`

Utaniuliza: nitapakuaje nami intaneti ndiyo ninayoitafuta? Chomeka simu yako kwa waya wa chaji, kisha kwenye mipangilio ya simu ruhusu kugawa intaneti kwa USB. Linux huipokea bila maswali. Ukimaliza kupakua, chomoa simu.

Sasa chomoa modemu, irudishe, subiri nusu dakika, rudia `lsusb`. Mara nyingi namba itakuwa imebadilika yenyewe. Ikikaidi, isukume kwa mkono:

`sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J`

Halafu hakikisha:

`ls /dev/ttyUSB*`

Majina kama ttyUSB0, ttyUSB1 na ttyUSB2 yakitokea, milango imefunguka.

Hatua ya 3: Iulize maswali

Watu wengi huruka hapa, wanakimbilia kubofya "unganisha", kisha wanashinda siku nzima wakibahatisha. Mimi huanza kwa kuongea na modemu. Lugha yake ni amri za AT, ambazo asili yake ni modemu ya simu ya mezani ya Hayes ya mwaka 1981; kidude cha laini ya simu bado kinazielewa. Kwanza msimamishe ModemManager, msimamizi wa modemu, kisha ufungue picocom, programu ya kuongea nayo:

`sudo systemctl stop ModemManager`
`sudo picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0`

Andika `AT`, bonyeza Enter. Ikikujibu OK, iko hai. Ikinyamaza, toka kwa Ctrl-A kisha Ctrl-X, ujaribu ttyUSB2.

Swali la pili ni `AT+CPIN?`. READY maana yake laini iko wazi. Ikidai PIN, usibahatishe: ukikosea mara tatu laini itafungwa na kutaka PUK, namba ya kuifungulia. Njia rahisi ni kuitia laini kwenye simu na kuondoa PIN huko.

La tatu ndilo lililomponya karani: `AT+CSQ`. Jibu huwa na namba kati ya 0 na 31, au 99 kama modemu haisikii kitu. Ukizidisha kwa 2 kisha ukatoa 113 unapata nguvu ya mawimbi kwa dBm. 10 ni -93. Nilipompandia Newala, mezani kwake, chini ya bati na nyuma ya nondo za dirisha, ilisoma 5. Tukaisogeza dirishani, ikasoma 17. Dawa ilikuwa waya wa USB wa kuongezea wa mita tatu, modemu ikaning'inizwa nje kidogo ya nondo, chini ya upenu isinyeshewe. Usivuke mita tano, USB 2 haivumilii. Nikipata chini ya 8 siendelei na hatua nyingine, natafuta dirisha.

La mwisho, hasa kwa ninyi mlio kando ya Mto Ruvuma:

`AT+COPS=3,2`
`AT+COPS?`

Utapewa namba ya mtandao. Ikianza na 640 uko Tanzania. Ikianza na 643, modemu imeshavuka mto bila pasipoti na imekaa kwenye mnara wa Msumbiji. Nimeyaona hayo Kilambo: mawimbi yamejaa tele, bando lipo, na hakuna ukurasa unaofunguka.

Hatua ya 4: Piga

Toka picocom, mrudishe msimamizi kazini, uone kama anaitambua modemu:

`sudo systemctl start ModemManager`
`mmcli -L`

Huchukua muda kidogo, usimharakishe. Ikiorodheshwa:

`nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name korosho apn internet`
`nmcli connection modify korosho gsm.home-only yes`
`nmcli connection up korosho`

"korosho" ni jina tu, weka lako. APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu, kwa laini ya karani ni "internet". Yako itazame kwenye mipangilio ya simu ukiwa umeweka laini hiyohiyo. Mstari wa pili ndio unaoizuia isiunganike kupitia mtandao wa Msumbiji. Ikigoma kuunganika, fungua terminali nyingine uandike `journalctl -u ModemManager -f`, kisha upige tena ukiwa unatazama inakwamia wapi. Kwangu, sababu kubwa imekuwa APN iliyoandikwa vibaya, ikifuatiwa na laini isiyo na bando.

Hatua ya 5: Funga mlango wa bando

Siku mbili baadaye karani akanipigia: "Fundi, umeme tunao, modemu inawaka, bando limekwenda wapi?" Lilikuwa limeliwa na masasisho usiku. Kosa langu, sikuwa nimeiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo.

`nmcli connection modify korosho connection.metered yes`
`sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer`

Na kama ni Ubuntu:

`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Masasisho anayafanya mwenyewe sasa, akiteremka Mtwara, kwenye WiFi ya ofisini kwangu. Chai juu yake.