Ukienda kufanya mtihani wa redio ya ridhaa Marekani

Kwa ndugu mlioko Marekani mnaotaka leseni ya redio ya ridhaa (amateur radio, yaani kuwasiliana kwa redio kama burudani, si biashara): kabla hamjagusa kitabu, ingieni tovuti ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, mjisajili mpate FRN, yaani namba yenu ya usajili huko. Ni bure, na bila namba hiyo wasimamizi hawawezi kuwasilisha maombi yako. Wengi hukumbuka mlangoni.

Wasimamizi wenyewe ni watu wa kujitolea, wenye leseni tayari, na lazima wawe watatu au zaidi. Ukumbi unaweza kuwa maktaba au chumba cha kanisa. Beba kitambulisho chenye picha, penseli, na kikokotoo ulichofuta kumbukumbu yake (cha simu hakiruhusiwi, usibishane nao).

Ngazi ya kwanza, Technician, ina maswali 35. Ukipata 26 umepita. Maswali yote na majibu yake yako wazi kwa umma, kwa hiyo fanya majaribio mtandaoni mpaka uwe unapata zaidi ya 30 kila mara. Msimbo wa Morse (herufi za milio mifupi na mirefu) hautahiniwi tena tangu 2007.

Sasa dondoo yenyewe: ukipita, omba karatasi ya General, ngazi ya pili, hapo hapo. Kwa kawaida huongezewi ada, na ukifeli hupotezi ulichokwisha kupata. Mimi ningejaribu hata kama sijasoma.

Baadaye FCC itakutumia barua pepe ya kulipa dola 35, nawe una siku 10. Chungulia na kwenye spamu.