Goti na Shingo Baada ya Ajali: Namna ya Kuyafanya Mazoezi ya Fiziotherapia Nyumbani

Aliyeanguka na bodaboda pale Kondele, au aliyeteguka goti katika mechi ya jioni huko Kakamega, kwa kawaida hushauriwa mambo mawili na jamaa zake: apumzike mpaka maumivu yaishe, na akandwe kwa mafuta moto. Ushauri wa kwanza una ukweli nusu tu, kwa kuwa kulala wiki kadhaa hudhoofisha misuli ya paja, nayo ndiyo inayolishikilia goti. Wa pili, katika siku za mwanzo, unaweza kudhuru, kwani joto na kukandwa kwa nguvu huongeza uvimbe.

Kabla ya zoezi lolote, hakikisha kwamba jeraha lenyewe si la kutibiwa kwanza hospitalini. Goti lipigwe picha ya eksirei ikiwa mgonjwa hawezi kutembea hatua 4, hawezi kulikunja kufikia pembe mraba, anaumia anapoguswa juu ya pia ya goti, au ametimiza miaka 55. Goti lililofura ndani ya saa chache huenda linavuja damu ndani, na mara nyingi hiyo ni dalili ya kano iliyokatika. Kwa shingo, ganzi mikononi, miguu kulegea, kushindwa kuzuia mkojo au maumivu makali katikati ya shingo baada ya kuanguka ni hatari kubwa: mgonjwa asiinuliwe wala kupakiwa kwenye pikipiki, bali kichwa chake kishikwe kitulie hadi ambulensi ifike. Wakazi wa Kisumu wana Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado huiita Russia, na Nakuru nayo ina hospitali yake ya rufaa. Anayekwenda kliniki ya kibinafsi ana haki ya kumwomba mhudumu leseni yake, kwa kuwa Kenya imekuwa na sheria ya kusajili wataalamu wa fiziotherapia tangu 2014.

Siku 2 au 3 za mwanzo, inua mguu juu ya mito na uweke barafu kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Chupa ya maji iliyogandishwa inatosha, lakini izungushie leso, kwani barafu iliyogusa ngozi moja kwa moja huiunguza.

Zoezi la kwanza la goti ni dogo kiasi cha kudharauliwa, nami naliona kuwa muhimu kuliko yote yanayofuata. Keti mkekani, nyoosha mguu, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kisha uikandamize taulo hiyo kwa nyuma ya goti ukihesabu hadi 5, na ulegeze. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Weka vidole juu kidogo ya pia ya goti, upande wa ndani wa paja: msuli unapaswa kukakamaa chini ya vidole. Ukilinganisha na mguu mzima utagundua kwamba ule ulioumia hukawia kuitika, kwa sababu uvimbe hupunguza amri ambazo neva hupeleka kwenye msuli huo. Usiliache zoezi hili mpaka misuli ya miguu yote miwili ikakamae sawasawa.

Baada ya hapo, telezesha kisigino kuelekea kwenye makalio ili goti lijifunze kukunjika tena. Halafu lala chali na uinue mguu ulionyooka kwa kiasi cha shubiri moja. Ukiweza kutembea bila kuchechemea, anza kupanda na kushuka kidato kimoja cha ngazi, kisha kuchuchumaa nusu huku umeshika fremu ya mlango, na mwishowe kusimama kwa mguu mmoja.

Kipimo cha kiasi cha mazoezi ni asubuhi ya siku inayofuata. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Goti likiamka limevimba kuliko jana, punguza idadi kwa nusu. Mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa kano za ndani ya goti asirudi uwanjani kabla ya miezi 9, hata kocha akimsihi namna gani.

Shingo iliyostuka, ikiwa haina dalili za hatari zilizotajwa, haihitaji kufungwa kola kwa wiki nyingi, maana kola hufanya misuli izembee. Geuza kichwa polepole kulia na kushoto hadi pale maumivu yanapoanza, si kuyapita. Kisha keti wima na urudishe kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, ukihesabu hadi 5. Baada ya wiki moja hivi, weka kiganja kwenye paji la uso na usukumane nacho kwa upole pasipo kichwa kusogea; fanya vivyo hivyo pande zote mbili na kisogoni.

Anayebeba maji au karai la samaki kichwani asirudie mzigo wa kawaida kwa pupa. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20 na zaidi, zote zikikandamiza pingili za shingo. Kwa muda huo atumie mkokoteni au abebe mitungi midogo mikononi, na atakaporudi kubeba kichwani aanze na lita 5, akiongeza tu ikiwa shingo haijakaza asubuhi iliyofuata.