Jinsi ya Kulitumia Neno la Kiingereza "Left" Bila Kulichanganya

Anayejifunza Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "left" ni kushoto, kisha hutatizika anapolikuta katika sentensi isiyohusu upande wowote. Sababu ni kwamba haya ni maneno mawili yanayofanana kwa sura tu. La kwanza lilitokana na neno la Kiingereza cha Kale "lyft", lenye maana ya dhaifu, kwa kuwa mkono wa kushoto ndio wenye nguvu kidogo kwa watu wengi. La pili ni wakati uliopita wa kitenzi "leave", yaani kuondoka au kuacha. Kabla ya "left" kuenea, upande huo uliitwa "winestra", neno lililohusiana na urafiki, ambalo wataalamu huliona kuwa tasfida ya upande uliodhaniwa kuwa na mkosi.

Ili kutambua ni neno lipi, angalia mahali lilipokaa. Likitangulia nomino, kama katika "the left shoe", ni kiatu cha kushoto. Likifuata nomino iliyotajwa kwa idadi, kama katika "two shoes left", ni viatu viwili vilivyobaki. Na likimfuata mtenda, kama katika "she left", mtu ameondoka.

Katika kuelekeza njia ndiko makosa huzidi. Sema "turn left" bila kihusishi, au "turn to the left" kwa ukamilifu, lakini usiseme "turn to left", kwa sababu kihusishi hicho hudai "the" au kimilikishi kama "your". Kitu kilichotulia huwa "on the left". Aidha, dereva akikuuliza kama akate kushoto, usimjibu "right" ukikusudia kwamba amepatia, maana neno hilo ni kulia pia. Jibu "yes" au "correct".

Maana ya kisiasa ya "left", yaani mrengo wa kushoto, ilianza Ufaransa mwaka 1789, wapinzani wa mamlaka ya mfalme walipoketi kushoto kwa mwenyekiti wa bunge.

Melini, "left" hubaki kuwa kushoto kwa msemaji, ilhali ubavu wa kushoto wa chombo, ukiwa umeelekea omo, yaani mbele ya chombo, huitwa "port" hata kama msemaji ameigeukia tezi, yaani nyuma ya chombo. Zamani uliitwa "larboard", lakini mwaka 1844 Jeshi la Majini la Uingereza liliagiza neno hilo liachwe, kwani amri zikipigiwa kelele lilisikika kama "starboard", ambao ni ubavu wa kulia.