SOMO: Triga za redio za flashi kwenye kamera za filamu za zamani

Wakuu, habari zenu. Kila wiki naulizwa jambo hili, na kila mara naandika jibu upya. Sasa naliweka lote hapa.

Kamera ya zamani huwasha flashi kwa njia rahisi: shata ikifunguka, vipande viwili vya chuma hugusana ndani. Triga ya redio (kitumaji kwenye kamera, kipokezi kwenye flashi) inasubiri mguso huo tu, ndiyo maana triga ya leo inaelewana na Pentax Spotmatic ya mwaka 1964.

1. Betri mpya, chaneli moja kwa kitumaji na kipokezi.

2. Kitumaji juu ya kamera. Kama pale juu hakuna mguso wa umeme (mfano Spotmatic), tumia waya wa PC, yaani waya mwembamba unaounganisha kitumaji na tundu la flashi la kamera.

3. Flashi iwe M, nguvu unapanga mwenyewe. M hii haihusiani na M ya hatua ya 5.

4. Kasi ya shata: Pentax K1000, Canon AE-1 na Olympus OM-1 ni 1/60, Nikon FM ni 1/125. Chini ya hapo ruksa, juu yake hapana.

5. Waya uwe kwenye X. Hapa ndipo nilipoumia. Kamera nyingi zina matundu mawili ya PC, au kiswichi chenye alama mbili: X na M, au X na FP. X ni ya flashi ya umeme. M na FP ni za balbu za zamani za kuungua mara moja; hizo huchelewa kufikia mwanga kamili, kwa hiyo kamera huziwasha kabla shata haijafunguka. Flashi ya umeme haina subira: inawaka na kuzimika mara moja, na shata ikifunguka giza limesharudi. Nilipiga picha 36 za familia iliyokusanyika kwa siku ile tu, waya ukiwa kwenye FP. Flashi iliwaka kila nilipobonyeza, nami nikaridhika. Filamu ilitoka kwenye dawa tupu kabisa. Kuiona flashi ikiwaka si ushahidi! Na waya ukichomoka, angalia umeurudisha tundu gani.

6. Jaribu bila filamu. Fungua mgongo wa kamera, fungua apacha (tundu la mwanga la lenzi) yote, elekeza lenzi kwenye ukuta mweupe unaomulikwa na flashi, bonyeza huku ukichungulia kwa nyuma. Mstatili mzima uking'aa, endelea. Kipande tu, kasi imezidi. Giza, rudi hatua ya 5.

MASWALI

– Mkuu, picha zangu zina ukanda mweusi upande mmoja. Triga mbovu?
– Hatua ya 4.
– Nimesoma. Naomba jibu.
– Kamera gani, kasi gani?
– K1000, 1/250.
– Basi hukusoma. 1/60.

– Yangu ina shata ndani ya lenzi. Hiyo 1/60 inanihusu?
– Haikuhusu. Shata hiyo haina mapazia mawili yanayofuatana; hufunguka kutoka katikati, hivyo flashi inakubali kasi zote. Hakikisha kipini kipo X, si M. Kwenye 1/500 jaribu kwanza, maana redio huchelewa kidogo na baadhi ya triga hupoteza sehemu ya mwanga. 1/250 yenyewe inatosha kupiga nje mchana, anga ikatulia na uso ukabaki na nuru.

– Vivitar 283 ya zamani naweza kuifunga kwenye kipokezi?
– Pima volti zake kwanza. Baadhi za mwanzo zinapita 200 na zinaunguza kipokezi. Linganisha na kikomo kilichoandikwa kwenye maelezo ya triga yako.

– Picha ya kwanza flashi haiwaki, ya pili inawaka. Kwa nini, mkuu?
– Kitumaji kimelala. Kamera za dijitali hukiamsha ukibonyeza nusu. Hizi zetu haziwezi. Zima usingizi kwenye mipangilio yake.

– Nyongeza: mimi napima mwanga kwa kamera ya dijitali, ISO na apacha zile zile, kisha nahamishia kwenye filamu.
– Asante ndugu, nami nafanya hivyo. Kwa filamu ya negativu, ukisita kati ya f/8 na f/5.6, chukua f/5.6 inayoingiza mwanga zaidi; mwanga ukizidi kidogo inavumilia, ukipungua haivumilii.