Somo: Kurudufisha nakala za akiba kutoka seva moja ya hifadhi hadi nyingine

Somo hili linamhusu mtu ambaye tayari ana seva inayopokea nakala za akiba kila usiku, na sasa anataka nakala hizo ziwepo pia kwenye seva ya pili iliyo mahali pengine, kwa kuwa seva mbili zilizo katika chumba kimoja huungua pamoja. Nitatumia mfumo wa mafaili wa ZFS pande zote mbili. Seva ya kwanza nitaiita chanzo, na hifadhi yake iitwe hifadhi/nakala. Kwenye seva ya pili iitwe mbali/nakala.

Hatua ya 1: Amua unaweza kupoteza kiasi gani. Ukirudufisha mara moja kwa siku, jengo likiungua jioni utapoteza kazi ya siku nzima. Swali hili waulize wenye data, wala usilijibu peke yako.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mtandao. Terabaiti 10 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa, hata laini ikijaa muda wote, jambo ambalo halitokei. Kwenye gigabiti 1 kazi hiyo hiyo huchukua takribani saa 22. Kwa hiyo iweke kwanza seva ya pili kando ya chanzo, uijaze kwa mtandao wa ndani, kisha ndipo uihamishe. Baada ya hapo mabadiliko ya kila siku tu ndiyo yatakayosafiri.

Hatua ya 3: Seva ya pili ndiyo ivute. Wengi huipa chanzo ufunguo wa kuingia seva ya pili na kusukuma data huko, na mvamizi akishakiteka chanzo, njia ya kufikia nakala ya mwisho huwa ameikuta wazi. Fungua kwenye chanzo akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi, uiruhusu kwa amri ya zfs allow kutuma picha tu (yaani hali ya hifadhi iliyogandishwa ilivyokuwa wakati fulani), bila ruhusa ya kufuta kitu. Chanzo chenyewe kisiwe na ufunguo wowote wa seva ya pili.

Hatua ya 4: Piga picha ya papo kwenye chanzo, kisha uivute ukiwa kwenye seva ya pili:

zfs snapshot hifadhi/nakala@jumatatu

ssh chanzo zfs send hifadhi/nakala@jumatatu | zfs receive -s -u mbali/nakala

Chaguo la -s huhifadhi mahali upokeaji ulipofikia mtandao ukikatika, ili usianze upya. Chaguo la -u huzuia hifadhi isifunguliwe kwa matumizi mara inapopokelewa. Mara tu mzigo wa kwanza unapofika, ifanye hifadhi iwe ya kusomwa tu:

zfs set readonly=on mbali/nakala

Usiiruke amri hiyo. Bila hiyo, mtu akiifungua hifadhi na kuorodhesha mafaili tu, muda wa kusomwa kwa mafaili unaweza kubadilika, na usiku unaofuata upokeaji ukakataa kwa madai kwamba upande wa pili umebadilishwa. Mhusika ataapa kwamba hakugusa kitu, naye atakuwa anasema kweli.

Hatua ya 5: Tuma tofauti peke yake, baada ya kupiga picha ya Jumanne:

ssh chanzo zfs send -i @jumatatu hifadhi/nakala@jumanne | zfs receive -s -u mbali/nakala

Amri hii inategemea picha ya Jumatatu kuwepo pande zote mbili. Hiyo ndiyo picha ya pamoja, na urudufishaji wote umening'inia juu yake. Niliwahi kuacha programu ya usafi ifute picha zote zenye umri wa zaidi ya siku saba, kisha laini ikalala siku tisa. Iliporudi, hapakuwa tena na picha hata moja iliyobaki pande zote mbili, nikalazimika kutuma kila kitu upya. Siku hizi picha ya pamoja ya mwisho naifunga kwa zfs hold, ili isifutike, kwenye seva zote mbili, na naifungua pale tu inayofuata imeshafika.

Hatua ya 6: Fuatilia umri wa picha ya mwisho kwenye seva ya pili. Barua pepe ya kushindwa haitumwi na kazi ambayo haikuanza kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kwa nini tusirudufishe papo hapo, kila kinapoandikwa kitu?

Jibu: Kwa sababu kufuta nako kutarudufishwa papo hapo, sawa na mafaili yaliyofungwa na virusi vya kudai fidia. Kinachokuokoa ni picha za nyuma, kwa hiyo zihifadhi kwa muda mrefu zaidi kwenye seva ya pili kuliko kwenye chanzo.

Swali: Seva zangu hazina ZFS. Naweza kutumia rsync?

Jibu: Unaweza; ni programu ya kunakili mafaili kati ya seva, ila hupitia orodha ya mafaili yote kila mara, na yakiwa mamilioni utaona uzito wake. Chaguo la --delete liogope, kwa kuwa kilichofutwa kwenye chanzo hukifuta na upande wa pili. Tumia --link-dest ili kila siku iwe na folda yake, huku mafaili yasiyobadilika yakishirikiana nafasi moja ya diski.

Swali: Seva ya pili iko kwenye jengo la watu wengine, nao sitaki wasome data.

Jibu: Isimbe hifadhi (encrypt, yaani isisomeke bila ufunguo) kwenye chanzo tangu mwanzo, kisha utume kwa zfs send -w. Data husafiri na kukaa huko ikiwa imesimbwa, na ufunguo hauhitajiki upande wa kupokea. Ufunguo huo uwe na nakala nje ya chanzo, la sivyo kikiungua utabaki na terabaiti 10 zisizosomeka.

Swali: Siku ya maafa yenyewe, naondoa readonly niendelee na kazi?

Jibu: Hapana. Tengeneza tawi la picha ya mwisho kwa zfs clone, ufanyie kazi humo, na hifadhi yenyewe uiache kama ilivyopokelewa. Lifanyie zoezi jambo hili mapema, ukishika saa mkononi na kurejesha data ya kweli, kwa sababu muda utakaoupata ndio utakaoulizwa siku hiyo.