Maji ya Ziwa: Somo Moja la Fiqhi na Biolojia kwa Vyuo vya Mwanza

Kuunganisha elimu ya dini na sayansi kuanzie kwenye kitu ambacho pande zote mbili zina neno la kukisemea. Kwa chuo cha Mwanza, kitu hicho ni maji ya ziwa. Tenga vipindi viwili, mwalimu wa fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu) na wa biolojia wakae darasa moja. Wakifundisha siku tofauti, mwanafunzi anaondoka na madaftari mawili yasiyojuana.

Chota sampuli Igombe au karibu na Mwaloni, Kirumba, kwa chupa tasa za mililita 250. Vaa gambuti na glavu, maana kichocho huingia kupitia ngozi. Weka chupa kwenye boksi lenye barafu, zifike maabara katika muda usiozidi saa 6. Zikichelewa, idadi ya bakteria hubadilika na majibu hayaaminiki.

Majibu yakisubiriwa, mwalimu wa fiqhi ainue chupa mwangani. Rangi? Harufu? Ladha isionjwe. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, maji yaliyofika kulla mbili, kipimo cha kale cha takriban lita 200, hayanajisiki mpaka najisi ibadili rangi, ladha au harufu yake. Ukijani wa mwani hauyaondolei utohara.

Kipindi cha pili, soma majibu. Kwa Shirika la Afya Duniani, maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. koli, bakteria anayeashiria kinyesi, hata mmoja katika mililita 100. Hapa ndipo darasa huteleza. Wapo watakaosema "yana bakteria, basi ni najisi", na wapo watakaosema "ni tohara, basi kunywa tu". Wote wamekosea: utohara ni hukumu ya ibada, usalama ni kipimo cha afya. Kutafuta aya inayotaja bakteria hakusaidii chochote. Ni kuilazimisha Qur'ani.

Elimu hizi hukutana kwenye swali la tatu: anayejua maji yatamdhuru afanyeje? Hadithi ya "hakuna kudhuru wala kudhurana" ifundishwe hapa. Wengi hukimbilia tayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo badala ya maji, ilhali njia ipo: maji yakikaa saa 48 ndani ya pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, viluwiluwi vya kichocho hufa, na mtu atatawadha bila hofu ya kichocho. Ya kunywa yachemshwe, isipokuwa yaliyojaa mwani wa kijani-buluu (sianobakteria): sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, hivyo tafuta chanzo kingine.

Mtihani uwe swali moja, alama nusu kwa nusu. Aliyefeli upande mmoja arudie swali zima.